Mjadala: Muda wa mazoezi ya polo ya baiskeli ugawanywe kwa viwango, au wote wacheze pamoja?

Mleta mada

Wadau, naleta hoja ya polo ya baiskeli, mchezo wa kupiga mpira golini kwa gongo ukiwa juu ya baiskeli. Kiwanja ni kimoja, muda ni saa 3, waliofika ni 18: sita ndio kwanza wanashika gongo, sita ni wa kati, sita ni wakongwe. Mchezo wa dakika 12, ukiongeza dakika 3 za kutoka na kuingia, unakula robo saa. Saa 3 zinatoa michezo 12, na kwa kuwa kila mchezo unachukua watu 6, zinapatikana nafasi 72. Kila mtu anacheza mara 4. Hizo ni dakika 48 za kucheza na zaidi ya saa 2 za kukaa pembeni.

Dakika hizo 48 ndizo zinazogombaniwa. Wengine wanataka magongo yote yarundikwe katikati ya kiwanja, yagawanywe kushoto na kulia bila kuangalia ni la nani, na timu ziwe hizo. Wengine wanataka kila kiwango kicheze peke yake. Mimi nasema tutenganishe, lakini ndani ya siku hiyohiyo, na kipimo kisiwe miaka ambayo mtu ameicheza polo. Kiwe kile anachoweza kukifanya juu ya baiskeli. Karibuni, na tafadhali njooni na vipimo.

Mchangiaji wa 1

Mkuu, napinga. Polo hii ya uwanja mgumu (lami au saruji), watatu kwa watatu, ilikulia kwa wapeleka vifurushi kwa baiskeli wa Seattle, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1990, na kurundika magongo ni desturi ambayo imeusaidia mchezo kusambaa. Inavunja makundi. Hakuna anayechagua rafiki yake, hakuna anayebaki hadi mwisho kama mzigo usiotakiwa.

Halafu kuna mambo ambayo mpya hawezi kuyapata kwa wapya wenzake: asimame wapi mwenzake akiwa na mpira, arudi golini lini, ampishe nani. Waweke wapya 6 peke yao, wote wataukimbilia mpira kama kuku waliomwagiwa mtama. Atakayewaonyesha nafasi zinavyogawanywa ni nani?

Mchangiaji wa 2

Ndugu, historia hiyo inanisaidia mimi. Wale wapeleka vifurushi walikuwa juu ya baiskeli kutwa nzima. Kugeuka, kufunga breki, kwenda kwa mkono mmoja, vyote walikuwa navyo tayari, na tofauti yao ilikuwa kwenye gongo tu. Bahati nasibu ya magongo iliwafaa. Anayeanza leo ana mapengo mawili kwa wakati mmoja, baiskeli na gongo.

Na bahati nasibu yenyewe tuihesabu. Magongo 6 yana njia 20 za kugawanyika kwenye pande mbili. Yakiwa ya wapya 3 na wakongwe 3, njia 2 kati ya hizo zinawaweka wapya wote upande mmoja, yaani mara 1 kati ya 10. Hilo linavumilika. Lakini siku ambayo wapya ni 4 na wakongwe ni 2, njia 8 kati ya 20 zinawaweka wakongwe wote wawili pamoja. Ni mara 2 kati ya 5! Hapo mchezo unafika goli 5 haraka na kuisha, na wapya watatu wa upande wa pili wanatoka bila kuugusa mpira.

Kama lazima turundike, turundike mafungu mawili. Yagawanywe kwanza ya wakongwe, yakiisha ndipo ya wapya. Inachukua sekunde 10 zaidi.

Mchangiaji wa 3

Mnazungumzia magoli, nami naomba tuzungumzie mifupa.

Kanuni inaruhusu kusukumana bega kwa bega mkiwa mnakwenda upande mmoja. Kumwingia mtu ubavuni kwa gurudumu la mbele ni kosa. Mkongwe analijua hilo na anategemea kila aliye kiwanjani alijue. Mpya anautazama mpira tu, anakata kona mbele ya anayekuja kasi, na kabla refa hajapuliza filimbi wote wawili wako chini. Chanzo ni tofauti ya mwendo ikikutana na mtu asiyejua kwamba amekata njia. Ukali wa wakongwe unachangia kidogo tu.

Baiskeli nazo zina sehemu yake. Mpya huja na ya barabarani, meno 46 mbele na 16 nyuma: zungusho moja la pedali, gurudumu linazunguka karibu mara 3. Kuondoka kunamchukua muda, na akishachanganya mwendo kusimama ni shida. Kwa gurudumu la inchi 26, meno 32 mbele na 22 nyuma yanatosha, gurudumu lizunguke karibu mara moja na nusu.

Breki ndiyo inayosahaulika kuliko vyote. Mkono wa kulia umeshika gongo, kwa hiyo breki inayotegemewa lazima iminywe kwa mkono wa kushoto; anayepiga kwa kushoto ageuze. Kama hiyo breki ni ya gurudumu la mbele, mpya akaiminya ghafla huku usukani umepinda, anarushwa juu ya usukani. Afundishwe kuiminya kwa hatua mbili, usukani ukiwa umenyooka, makalio yakiwa yamerudi nyuma ya kiti. Zoezi hilo halifanyiki katikati ya mchezo wa watu 6. Linahitaji kiwanja kitupu, alama chini, na marudio 10.

Kabla ya yote, ukaguzi. Miisho ya usukani izibwe, na mwisho wa mpini wa gongo pia, maana bomba lililo wazi hukata mduara kwenye ngozi. Gurudumu la mbele lifunikwe kwa karatasi ngumu ya plastiki iliyofungwa kwenye spoki, kwa sababu gongo likiingia kwenye spoki baiskeli inasimama na aliyepanda anaendelea na safari. Kofia ngumu na glovu kwa kila mtu. Dakika 2 kwa baiskeli moja: baiskeli 6 za wapya ni dakika 12, na mkaguzi ni mmoja tu.

Mchangiaji wa 4

Na wa kati je? Kila mjadala wa namna hii ni wapya na wakongwe. Wa kati kwenye michezo ya kuchanganya anapewa kazi ya kulea, kwenye ya kutenganisha anasukumwa popote penye upungufu. Anaweza kupiga kwa mkono wa mbele lakini hawezi kugeuza mpira upande wa pili wa baiskeli. Hilo linakuja kwa kurudia tu, na hakuna anayempa nafasi ya kurudia. Ndiye anayeacha kuja, kimya kimya, bila ugomvi.

Mchangiaji wa 1

Hoja za usalama nazipokea, hasa ya breki. Ila zinadai mafunzo kabla ya mchezo, hazidai utengano kwenye mchezo. Wakongwe wawekewe vizuizi: wasipige wakiwa nusu yao ya kiwanja, na goli lisihesabiwe mpaka wote watatu wa timu wameugusa mpira. Mchezo utasawazika na watu watabaki pamoja.

Mchangiaji wa 5

Kizuizi cha kupiga kutoka mbali ni kizuri. Hicho cha "wote watatu waguse" ndicho kibaya kuliko vyote, na nitaeleza kwa nini. Wapinzani wakijua goli halihesabiwi mpaka mpya aguse, wanawaachia wakongwe wake na kumbana yeye, wawili kwa mmoja. Aliyetakiwa kusaidiwa ndiye anayebanwa, anagusa chini kwa mguu, anatoka mchezoni kwa muda.

Hilo la mguu lenyewe lina gharama watu hawaioni. Ukigusa chini unatakiwa uende kugonga gongo kwenye alama ya mstari wa kati, pembeni mwa kiwanja, ndipo urudi. Kwenye kiwanja cha mita 40 na kitu, kutoka golini kwako ni mita 20 kwenda na 20 kurudi. Mpya anayegusa chini kila baada ya sekunde 30 anaiacha timu yake na watu wawili kwa sehemu kubwa ya mchezo. Kwa hiyo legezeni hapo: kwenye michezo ya mchanganyiko, mpya agonge ukuta wa pembeni ulio karibu naye na aendelee.

Pa kutolegeza ni kwenye goli. Goli la timu inayoshambulia linahesabiwa likipigwa kwa ncha ya kichwa cha gongo. La kusukuma kwa ubavu, hapana. Mpya anapenda ubavu kwa sababu ni mpana na haukosi mpira. Mkimkubalia kwa huruma, mkono unazoea, na itambidi aje ajifunze upya kila kitu.

Vizuizi vinavyofanya kazi, kwa maoni yangu, ni vitatu. Mkongwe asifunge zaidi ya goli 1. Mpya akipokea mpira ndani ya nusu yake, asinyang'anywe mpaka ihesabiwe 3 kwa sauti. Na golini kuwe kwa zamu, mnabadilishana kila goli linapoingia. Hili la tatu nalisisitiza kwa sababu mazoea ya kumpaki mpya golini mchezo mzima ni dhuluma. Hajui bado kusimama papo hapo, magurudumu yote mawili yamelala sambamba na mstari, gongo likiziba pengo la katikati. Anachojifunza ni kupigwa na mpira.

Mchangiaji wa 2

Nakubaliana na hayo matatu. Naongeza moja: michezo ya mchanganyiko iwe ya dakika 8, na 2 za kupishana. Mchezo usio na uwiano unaisha kabla haujaumiza moyo wa mtu, na anayesubiri raundi mbili anasubiri dakika 20 badala ya 30.

Mleta mada

Basi nimeupanga upya, mkaukosoe.

Dakika 30 za kwanza kiwanja kinakatwa katikati. Nusu moja ni ya wapya na wakongwe wawili: mmoja anakagua, mwingine anaongoza. Wanazunguka mduara wa kipenyo cha mita 4 kushoto na kulia, mkono mmoja kwenye usukani, kichwa cha gongo kikiburuzwa chini kama mguu wa tatu. Wanafunga breki kwenye alama. Wanaendesha mpira kwa kuugonga kidogo kidogo bila kuupiga. Nusu ya pili ni ya wa kati, wawili kwa wawili kwenye goli moja, kwa hiyo kila mmoja anaugusa mpira mara nyingi, na yule asiyeweza kuugeuza upande wa pili anapata pa kurudia.

Dakika 60 zinazofuata ni mchanganyiko, mafungu matatu ya magongo yakigawanywa moja moja, na vizuizi vilivyotajwa. Michezo 6, kila mtu anaingia mara 2.

Dakika 90 za mwisho ni kwa viwango, kanuni kamili, dakika 12 kila mchezo. Zamu ziwe wapya, wa kati, wakongwe, halafu tena. Kila kundi linapata michezo 2 na mapumziko ya dakika 33 katikati. Wakongwe wakicheza, wapya wawili wanashika saa na kuhesabu magoli, maana huwezi kuhesabu magoli bila kutazama yanavyotengenezwa.

Mkongwe sasa anacheza dakika 16 za mchanganyiko na 24 za kiwango chake. Jumla 40. Kutoka zile 48 amepoteza dakika 8, na 24 kati ya alizobaki nazo anacheza na watu wanaomkimbiza kweli. Mimi naona ni bei ndogo.

Kupanda kutoka wapya kwenda wa kati kuwe na mtihani ulio wazi: mduara mara 5 kila upande bila kugusa chini, kusimama kwenye alama kutoka mwendo kamili, kupeleka mpira goli hadi goli bila kuupoteza, na kusimama papo hapo sekunde 5. Yeyote anaweza kuuomba siku yoyote, ndani ya zile dakika 30.

Mchangiaji wa 1

Mchanganyiko umebaki na saa nzima. Kwa hilo naukubali mpango, kwa sharti kwamba siku wakifika watu chini ya 12 tusitenganishe kabisa.

Mchangiaji wa 4

Mpango mzuri, una tundu moja. Hesabu yako inadai sita, sita, sita, na watu hawaji kwa sita sita. Wapya wakiwa 5, atavutwa wa kati mmoja kujaza, na tutarudi kulekule. Andikeni kabisa: anayejaza nafasi ya chini anahesabiwa mchezo huo kuwa wa ziada, hapotezi zamu yake kwenye kundi lake. Na wakongwe wakiwa 5, nafasi ya sita iende kwa wa kati, kwa zamu ya orodha, jina linalofuata likiwa limeandikwa pembeni mwa kiwanja ambapo kila mtu analiona.