Thunderbird: HTML kwa bosi, maandishi matupu kwa Ndola, orodha ni ileile

Mama Transiti, Lubumbashi

Jambo kwenu wote. Nafanya kazi katika biro ndogo ya transiti hapa Kampemba. Kila siku saa kumi na moja jioni natuma kwa barua pepe, kwa programu ya Thunderbird, orodha ya makamyo yaliyofika Kasumbalesa, mpakani na Zambia: namba ya kamyo, mzigo, hali ya karatasi, tani. Orodha ni moja, wasomaji watatu. Bosi anataka aone nembo ya biro, na makamyo yaliyokwama yawe kwa rangi nyekundu. Mwenzetu wa Ndola mashini yake inaonyesha maandishi matupu tu. Mteja wa Dar es Salaam anasomea Gmail.

Safu nazipanga kwa kubonyeza nafasi, nafasi, nafasi, mpaka tani zikae chini ya tani. Kwangu zinakaa vizuri kabisa. Lakini wiki iliyopita Ndola walisoma 28 ya kamyo moja kama uzito wa kamyo linalofuata. Karatasi zikaandikwa hivyo, na dereva akalala mpakani siku mbili. Alinipigia usiku kuuliza amekosa nini. Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo linaniuma.

Tangu siku ile naingia kwenye mipangilio ya akaunti, "Rédaction et adressage", natoa alama ya HTML (ile namna ya kuandika yenye rangi na picha), namwandikia wa Ndola, halafu nairudisha kwa ajili ya bosi. Kila jioni. Juzi nimesahau kuitoa. Hakuna njia fupi? Na dirisha la kuandika likishafunguka, naweza kugeuza?

Fundi wa Katuba

Pole sana mama. Hiyo alama iache ilipo. Shikilia kitufe cha Shift wakati unabonyeza kuandika ujumbe mpya, kujibu au kusambaza. Dirisha litafunguka kinyume cha ulivyoweka kwenye akaunti: kama ni HTML, utapata maandishi matupu. Ni kwa ujumbe huo mmoja tu. Unaofuata unarudi kwenye kawaida yake.

Dirisha likishafunguka, Thunderbird haikuruhusu kuligeuza. Kwenye menyu ya Options kuna pa kuchagua kitakachotumwa: maandishi matupu, HTML, au vyote viwili. Hapo uwe makini. Ukichagua maandishi matupu, ile nyekundu utaendelea kuiona mbele yako, lakini haisafiri. Wa Ndola hatajua kamyo lipi limekwama. Andika neno lenyewe, IMEKWAMA, rangi iwe nyongeza.

Baba Furaha, Bukavu

Mimi natumia programu nyingine ya barua pepe, Outlook ya kompyuta ya mezani. Huku unageuza hata katikati ya kuandika, ila ukienda kwenye maandishi matupu, rangi na picha zinaondoka. Halafu kuna namna ya tatu, Rich Text. Usiiguse kwa mtu asiyetumia Outlook: mara nyingi atapata kiambatisho kinachoitwa winmail.dat na hatakifungua.

Dada Neema, Goma

Mama, kabla ya Shift, naomba uhesabu kitu kimoja: mstari mmoja wa orodha yako una herufi ngapi, pamoja na nafasi? Thunderbird ikituma maandishi matupu, kwa kawaida inakata mstari kwenye herufi ya 72. Tani zako ziko mwisho. Mstari ukizidi, tani ndizo zinazodondoka chini, zinakaa juu ya kamyo linalofuata, na msomaji anaona ni za huyo. Nadhani 28 yenu ilipotelea hapo.

Na maandishi matupu peke yake hayatakuokoa kwa yule wa Dar. Gmail inayaonyesha kwa herufi zisizolingana upana, i nyembamba na m pana, kwa hiyo safu zitapinda tu. Fanya hivi: baki kwenye HTML, chagua orodha yote, kisha pale penye aina ya aya weka "Préformaté". Herufi zote zitakuwa na upana mmoja na nafasi zako zitabaki. Halafu kwenye Options tuma vyote viwili. Ujumbe mmoja unabeba nakala mbili, kila programu inachukua inayoiweza. Hutahitaji kuandika mara mbili.

Mama Transiti, Lubumbashi

Dada Neema, nimehesabu kwa kidole kwenye skrini. 81! Kosa lilikuwa langu la kuandika "karatasi zimeshapigwa mhuri" kwenye kila mstari. Sasa naandika MHURI au BADO, na tani nimezihamisha, zinafuata namba ya kamyo moja kwa moja. Mstari mrefu kuliko yote una 46.

Nimejitumia mwenyewe kwanza, nikafungua Affichage, "Corps du message en", "Texte seul", nione anachokiona wa Ndola. Safu zimesimama wima kama nguzo. Kisha nikamtumia yeye, nikampigia, nikamwomba anisomee mstari kwa mstari. Makamyo kumi na moja, tani kumi na moja, zote mahali pake. Bosi amepata nyekundu yake.

Fundi, Shift nayo nimeijaribu, nitaitumia kwa barua fupi za Ndola. Asante Baba Furaha.

Yule dereva yuko njiani tena na mzigo mwingine. Kamyo lake ni mstari wa tatu kwenye orodha ya leo, na nimempigia kumweleza yote.