Miezi minne mlango umefungwa, mashine ya miwa inaota kutu: leseni ya biashara hapa Pemba inatolewa kwa utaratibu gani hasa?

Asalaam alaykum jamani. Leo msinambie nipunguze jazba, nimeshakunywa maji na bado.

Mie ni wa hapa hapa Pemba. Mji sitoutaja, maana mji wenyewe mdogo na karani akisoma mistari mitatu tu ya hapa atanijua. Mwezi wa tatu nilikodi mlango wa duka karibu na stendi, laki moja kwa mwezi, mwenye nyumba kataka miezi sita mbele, nikampa. Nikanunua na mashine ya kukamulia miwa, ya mtumba, milioni moja na laki mbili. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: miwa ipo, ndimu na tangawizi zipo, joto ndilo hili. Leo mwezi wa saba. Sijauza glasi hata moja.

Kabla hamjaniambia "lipa kodi uache kelele", sina ugomvi na kulipa. Barua ya sheha nilipata siku moja. Kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi ninacho. Jina la biashara nimesajili BPRA, wakala wa usajili wa biashara Zanzibar (na nyie mnaodhani BRELA inatosha, BRELA ni wasajili wa Bara, jamaa yangu kasajili kule kaja huku kaanza upya). TIN, namba ya mlipakodi, nimechukua TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, kwa sababu kodi ya mapato ni jambo la Muungano. Kodi za hapa kwetu ni ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, nako nimefika. Yaani mtu wa juisi ya mia tano ana wakusanyaji kodi wawili kabla hajaosha glasi ya kwanza. Haya, nimekubali. Na kwa kuwa ni kinywaji, nimepimwa afya, mpaka choo nimepeleka kwenye kikopo.

Kilichonitia wazimu ni hiki.

Dirisha la leseni wakanambia: lete ripoti ya bwana afya. Nikaenda kwa bwana afya, wakanambia hatukagui pahala pasipo na ombi la leseni, lete namba ya ombi. Nikarudi dirishani. "Mfumo hautoi namba mpaka uambatanishe ripoti." Nikarudi tena kule. "Sisi hatuwezi kukagua bila namba." Ofisi mbili, mwendo wa dakika kumi kwa miguu, wanaonana kila siku kwenye chai, na mie katikati na bahasha yangu kama mtoto aliyetumwa chumvi. Wiki tatu. Fotokopi peke yake zimeshakula hela ya gunia la miwa.

Mnajua nani kanitoa? Mama anayefagia ile korido. Kaniona mara ya nne, kaniuliza, "Mwanangu, kwani wewe barua ya kuomba ukaguzi hujaandika?" Barua. Ukurasa mmoja, kwa mkono. Ndiyo iliyokuwa inatakiwa siku zote, na katika wale waliokaa nyuma ya meza hakuna hata mmoja aliyeitaja. Mfagiaji ndiye aliyejua.

Basi nikapangiwa Jumanne asubuhi, nikaambiwa mashine iwe inafanya kazi. Nikanunua miwa ishirini, nikaimenya usiku pamoja na mke wangu, nikaweka ndoo yenye bomba ya kunawia, nikavaa koti jeupe kama daktari. Saa tatu, kimya. Saa sita, kimya. Nikapiga simu: gari haina mafuta, labda wiki ijayo. Miwa iliyomenywa haingoji wiki ijayo. Kufika alasiri imeanza wekundu kwenye ncha, nzi wameshapata habari. Nikawakamulia watoto waliotoka skuli, bure. Kama nalo ni kosa, njooni mnikamate.

Wiki iliyofuata bwana afya kaja na vespa yake mwenyewe. Hakuzidi dakika kumi. Mashine hakuigusa, maji hakuuliza yanatoka wapi. Kaangalia ndoo ya taka, haina mfuniko. Sawa, hapo ana haki, nikanunua siku ile ile. Halafu kanyoosha kidole ukutani: nataka marumaru nyeupe mpaka kimo cha bega. Marumaru! Kwenye mlango wa kukodi! Mwenye nyumba hataki kusikia, anasema paka rangi ya mafuta, ukihama ukuta wangu ubaki. Nikamuuliza yule bwana, imeandikwa wapi? Kajibu, "Ndivyo tunavyofanya."

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Sheria ya mfumo wa leseni ipo tangu 2013. Basi bandikeni ukutani karatasi moja: vinavyotakiwa hivi, ada hii, siku kadhaa. Wenzetu wa Bara mwaka 2018 walitolewa vitambulisho vya wajasiriamali, shilingi 20,000, kwa mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Vilikuwa na kasoro zake na watu walilalamika sana, lakini angalau mtu alijua anatoa ngapi na anapata nini. Mie nimetoa nisichokijua idadi yake na ninachongojea ni kichwa cha mtu mmoja kiamke vizuri.

Na ng'ambo ya barabara, mbele ya mlango wangu uliofungwa, kuna kijana ana mashine kama yangu juu ya toroli. Hana karatasi hata moja. Wakija watu wa baraza la mji anasukuma toroli mpaka nyuma ya msikiti, wakiondoka anarudi. Simlaumu. Juisi yake nzuri, nainunua mie mwenyewe kila siku nikikaa kibarazani kulinda mashine yangu iliyofunikwa khanga.

Waliopita njia hii Pemba naomba wanijibu: marumaru ni lazima, au rangi ya mafuta ya kuoshwa inakubaliwa? Na kama bwana afya kakataa kwa mdomo bila kuandika, unakata rufaa kwa nani? Kodi ya mlango inakwisha mwisho wa mwezi wa nane.

NYONGEZA: Wanaoniandikia pembeni nitoe "hela ya chai", sitoi. Wala si ucha Mungu. Sina.