Dramu za programu: kwenye majina ya wapigaji tuandike nani?

Mlio_Safi: Wakuu habari zenu. Tumemaliza wimbo wa bendi, gitaa besi na sauti tumerekodi wenyewe, dramu nimezijenga mimi kwa programu ya kompyuta ya Superior Drummer, siku tatu nzima nahariri kipigo kimoja kimoja. Sasa mwenzangu anataka kwenye majina tuandike "dramu" halafu jina langu. Nafsi inanisuta maana vijiti sijawahi kushika. Ni uongo au ndivyo watu wanavyofanya?

KikiNzito: Andika "programu ya dramu" yaishe. Na umefanya la maana kutomwita mtu, wapiga dramu nawajua, anachelewa saa mbili, akifika saa nzima anafunga vyuma, halafu korasi ikiingia tempo inakimbia kama kafukuzwa na mbwa.

MzeeWaVijiti: @KikiNzito hapo kwenye kuchelewa umenigusa pabaya. Miaka 19 napiga. Wewe wa gitaa unakuja na begi moja mgongoni, mimi nabeba kiki (ngoma kubwa ya mguu), sneya, tomu tatu, stendi, simbali, pedali, napandisha ngazi mwenyewe hakuna anayenishika mkono, nikifika zinawekwa maiki nane mpaka kumi na kila moja inasikia ngoma ya jirani kwa hiyo fundi anahangaika nazo tena. Halafu mtu aliyekaa kwenye kiti anabofya panya ananiambia nachelewa!

Dada_Miksi: Mzee pole, lakini swali la mtoa mada si la mizigo. Mimi namiksi nyimbo za watu na nina jambo moja. Hizo sampuli, yaani sauti zilizorekodiwa, ndani ya programu kuna binadamu alikaa studio akapiga sneya ile ile mara nyingi, taratibu mpaka kwa nguvu, ili kompyuta isirudie sauti moja ikatoa ule mlio wa bunduki. Hata zile gruvu za midi (midundo iliyohifadhiwa kama maelekezo ya vipigo) zinazokuja nazo, nyingi zimepigwa na wapiga dramu wa kweli. Basi mwenye kipigo ni nani hapo? Yule aliyepiga au aliyepanga?

KikiNzito: @MzeeWaVijiti mimi sibofyi panya, napiga kwa pedi. Usinidharau.

MzeeWaVijiti: Pedi ni vidole. Mguu uko wapi?

Gridi4: Jamani haya si mageni. Mashine ya Roger Linn ilipotoka 82 ikiwa na sauti za dramu halisi, watu walisema hivi hivi kwamba wapiga dramu wamekwisha. Hawakwisha.

Dada_Miksi: 82 ni LinnDrum. Ya kwanza ni LM-1, 1980, na haikuwa na simbali za krashi (ya kishindo) wala raidi (ya kupigwa mfululizo), kumbukumbu za chipu zilikuwa ghali na simbali inalia muda mrefu. Prince aliitumia sana ile.

Gridi4: 80 ni ile mashine ya 808 ya Roland, mkuu.

Dada_Miksi: Zote mbili. 808 nayo ni ya 1980, ila ile haina sampuli, inazalisha sauti kwa saketi zake yenyewe. Na mimi ni dada, siyo mkuu.

Gridi4: Samahani dada. Ila hoja yangu iko pale pale.

KikiNzito: Turudi kwenye tempo maana mzee kanyamaza. Kompyuta haikimbii.

MzeeWaVijiti: Sijanyamaza nilikuwa kazini. Korasi ikisogea mbele kidogo wimbo unapumua, watu wanacheza, tatizo ni wewe umezoea gridi, ile mistari ya muda ya kompyuta, mpaka sikio limekauka. Mwambie huyo kijana apandishe wimbo wake, nitamwambia ndani ya baa nane kama ni kompyuta.

Mlio_Safi: Nimepandisha sekunde arobaini, beti na korasi. Velositi (nguvu za vipigo) za sneya nimezichanganya kati ya 95 na 120, vile vipigo vya chinichini nimeviweka 25 hadi 40, na sneya kubwa nimeirudisha nyuma milisekunde 10 ya gridi ili isikae imenyooka sana.

MzeeWaVijiti: Nimesikiliza. Sneya ni nzuri, nakiri. Haihati, zile simbali mbili zinazofungwa kwa mguu, ndiyo imekuumbua. Kila kipigo nguvu moja, mkono wa mtu haupigi hivyo, unapiga kizito chepesi kizito chepesi. Na pale unapoingia korasi una tomu mbili zinalia, na krashi, na haihati bado inaendelea kwa kijiti. Hiyo mikono minne. Uliipata wapi?

KikiNzito: Msikilizaji gani anahesabu mikono?

MzeeWaVijiti: Hahesabu. Anahisi tu kuna kitu hakijakaa, anaruka wimbo. Na wewe usiyeona tofauti ndiyo unatuita wachelewaji.

Gridi4: Mzee hiyo ya mikono umepiga palepale. Mimi napofanya fili, yale mapigo ya kuvukia korasi, naifuta haihati yote kwanza ndo naanza kujaza, na ikibidi isikike naacha ile ya mguu, ile "chik" ya kufunga.

Dada_Miksi: Ongezea, ukifungua haihati hakikisha iliyofungwa inaikata ile iliyo wazi, programu nyingine ukileta midi ya nje namba za sauti hazilingani unakuta inalia mpaka mwisho wa wimbo.

Mlio_Safi: Asanteni sana, mzee shikamoo. Nimefuta haihati kwenye fili, vipigo vya kati nimevishusha mpaka 60 na kitu, kweli imekaa. Ila sasa raidi ya korasi ya mwisho inasikika kama sufuria, niishushe sauti au nibadilishe simbali yenyewe? Na lile la majina mwenzangu bado ananisubiri.

KikiNzito: Badilisha simbali.

MzeeWaVijiti: Usibadilishe. Unapiga kwenye kengele yake muda wote, sogeza kipigo ukutane na uso wa simbali, kengele iachie mapigo makubwa tu.