Msimamizi anataka Ufa wa Albert wote, mfuko wangu unaishia Budongo. Ushauri wakuu

Mbambu_K:
Habari za humu wakuu. Nasoma uzamili wa ekolojia hapa Kampala, kwetu ni Kasese. Masomo ya darasani nimemaliza, nimekwama kwenye andiko la utafiti.

Msimamizi wangu anataka modeli: nichukue kumbukumbu za ndege wa Ufa wa Albert (bonde la ufa la magharibi, lenye milima na maziwa) zilizoko mtandaoni, niziunganishe na ramani za tabianchi, nitabiri ndege gani atabaki wapi ifikapo 2070. Anasema majarida ya nje yanataka mambo hayo, mabadiliko ya dunia na kutoweka kwa bayoanuwai. Mimi moyo wangu uko msitu wa Budongo, kule Masindi, kwenye gasiya, yaani Senna spectabilis, ule mti wa maua ya njano uliotoka Amerika ya kitropiki. Umeshika pembezoni mwa msitu, na ukiukata kisiki kinachipua upya kwa fujo. Yeye anaona ni jambo dogo: mti mmoja, msitu mmoja.

Pesa niliyonayo inatosha msimu mmoja wa porini, boda ikiwemo. Nimfuate au nishikilie langu?

OpioBoy:
Mfuate. Saini ni yake. Gasiya utaikuta hapohapo ukishamaliza, haina pa kwenda.

Fundi_Ramani:
Opio, usimpoteze dada wa watu. Modeli ndizo zinazonilisha, kwa hiyo sizipondi, ila naomba ufanye jambo moja leo: ingia GBIF, ile hazina ya mtandaoni ya kumbukumbu za viumbe, ni bure, vuta kumbukumbu za ndege za Uganda uzitandaze kwenye ramani. Utaona nukta zimerundikana Ruhija kule Bwindi, Kibale, Mabamba kwa korongo nyangumi, na kando ya barabara. Watalii wanalala huko. Msitu usio na hoteli unaonekana kama hauna ndege.

Halafu ramani za hali ya hewa zinazotumika sana zina kipimo cha kilomita moja hivi. Kwenu Rwenzori, panda kilomita moja ya mteremko uone kama bado uko kwenye mimea ileile. Picha ya 2070 itapendeza sana, lakini jopo likikuuliza umeithibitisha kwa data gani ya porini, utatafuta mlango.

MzeeWaAmani:
Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Niko Tanga, huku Usambara Mashariki.

Binti, ukiambiwa mti mmoja ni jambo dogo, mwambie mwalimu wako habari ya musizi. Kwenu ni mti wa nyumbani, mbao zake mnazipenda. Huku Amani uliletwa na Wajerumani kabla ya vita vya kwanza, ukapandwa, kisha ukatoroka. Hondohondo wanameza matunda yake na kwenda kutema mbegu ndani ya msitu wa asili, na kila lilipotokea pengo, musizi ukawa wa kwanza kulikalia. Watu wamejadiliana miaka na miaka wafanyeje. Mti uleule, huko ni mwenyeji na huku ni mvamizi. Hapo pana utafiti mkubwa tu, hata kama eneo ni dogo.

Na hiyo gasiya yenu tunayo pia, iko Mahale kule Kigoma. Kule walijaribu kubambua magome badala ya kukata. Watafute watu wa Mahale kabla hujabuni njia yako.

Mbambu_K:
Asante sana Mzee, shikamoo. Sikujua kabisa kwamba musizi ni mvamizi mahali popote! Fundi, nimefungua ramani. Ni kweli, Budongo yenyewe nukta zimekaa upande wa Royal Mile tu, ile njia ya watazama ndege. Lakini bado nitamwambia nini? Atauliza dunia ina faida gani na gasiya.

Nyakato_wa_Masindi:
Nyabo, unakaa juu ya hazina bila kujua. Mwaka 1947 mtaalamu wa misitu Eggeling alichapisha ekolojia ya Budongo kutokana na ploti, yaani vipande vya msitu alivyopima mwenyewe. Alionyesha msitu unavyoenea kwenye nyasi: kwanza miti ya kutangulia, musizi ukiwa mbele, kisha msitu mchanganyiko wenye spishi nyingi, mwishoni mti wa muhimbi unatawala na spishi zinapungua. Mwanaekolojia Connell alipoandika mwaka 1978 kwamba bayoanuwai hufikia kilele pale ambapo misukosuko si mikubwa wala si midogo, alitegemea sana Budongo hii hii. Miaka ya 1990 mtafiti Sheil akarudi kuzitafuta ploti za Eggeling na kuzipima upya. Kwa hiyo wanaekolojia wanaujua msitu huu tangu zamani.

Sasa swali lako liulize hivi: je, pale ambapo zamani musizi ungetangulia na msitu kufuata, gasiya ikitangulia, msitu unafuata au unakwama? Chini ya gasiya kuna miche ya nini, na chini ya musizi kuna miche ya nini? Hilo linaweza kupimwa kwa msimu mmoja, na halimhusu Mganda peke yake.

La vitendo: unene wa shina tunapima mita 1.3 kutoka chini, lakini mti wenye kuta za mizizi hupimwa juu ya kuta. Zikipanda, na pa kupimia panapanda. Piga rangi pale ulipozungusha tepu na uandike urefu wake, la sivyo atakayekuja baada yako atadhani mti umekonda.

Okello_G:
Vibali mbona hamsemi? Budongo ni hifadhi ya msitu, iko chini ya NFA (mamlaka ya misitu), si UWA (mamlaka ya wanyamapori). Wengi wanapeleka barua kusiko. Usajili wa utafiti ni UNCST, baraza la sayansi na teknolojia. Na ukitaka kuwahoji wanaokata gasiya kwa kuni (wahoji, maana wapo wanaoitegemea), kamati ya maadili ya chuo ipitie kwanza. Anza sasa, barua zina mwendo wake.

Fundi_Ramani:
Naongeza: sura ya kwanza usianze na tabianchi kwa sababu tu ndiyo inayovuma. Ripoti ya 2019 ya IPBES, jopo la kimataifa la bayoanuwai, iliweka matumizi ya ardhi na bahari mbele, kisha uvunaji wa moja kwa moja, ndipo tabianchi, uchafuzi na spishi vamizi. Sangara aliwekwa Ziwa Victoria na watu miaka ya 1950, nkejje, wale samaki wadogo, wakaliwa hadi spishi nyingi zikapotea, na chanzo hakikuwa joto. Budongo nayo ina miwa hadi ukingoni. Weka umbali kutoka shamba la miwa kama kigezo. Msimamizi akitaka modeli, hiyo hapo modeli, tena yenye data yako.

OpioBoy:
Haya, nimeshindwa. Ila bado saini ni yake.

Mbambu_K:
😂 Kweli. Nimemwandikia kurasa mbili nikaanza na musizi wa Amani, kisha Eggeling, gasiya nikaiweka ya tatu. Amejibu kwa mstari mmoja: "Ploti ziko wapi?" Dada Nyakato, nitapata wapi ramani za zamani?

Nyakato_wa_Masindi:
Anzia chuo cha misitu Nyabyeya, kiko pale pale ukingoni. Omba mipango ya zamani ya usimamizi wa Budongo, halafu waulize watu wa kituo cha utafiti cha Sonso, humo humo msituni. Na ukija, kunja suruali ndani ya soksi. Siafu wa huku hawaulizi kibali.