Jina la Shirazi: limetoka Shiraz kweli au watu walijipa tu?

Wakuu, naomba hili tulijadili bila kutukanana maana kila likiguswa watu wanagawanyika na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Upande mmoja unasema mwenye jina la Shirazi, awe wa Unguja, Pemba, Mombasa, Kilwa au Ngazija (kisiwa kikubwa cha Komoro), babu yake katoka mji wa Shiraz kule Uajemi, yaani Iran ya leo, na ushahidi ni jina lenyewe. Upande wa pili unasema hao ni Waafrika kama sisi, walijibandika jina la mbali ili waonekane watu wa maana na mkoloni asiwaweke fungu moja na "wenyeji". Mi naona kila upande una nusu ya ukweli, na kuna mtu muhimu kwenye hii habari ambaye pande zote mbili zinamruka.

Kwanza jina la kutaja mahali si kitu cha ajabu pwani yetu. Sheikh Uways al-Barawi aliyefariki 1909 alikuwa mtu wa Barawa, mji wa pwani ya Somalia, Sheikh Abdulla Saleh Farsy aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya alibeba jina ambalo asili yake ni Fars, mkoa wa Uajemi, na Shiraz ndo mji mkuu wa hiyo Fars. Ila kumbukeni mtu akiwa kwao haitwi kwa jina la mji wake, wote si wametoka hapo hapo! Analipata akishahamia kwa watu wengine, na akiulizwa katokea wapi anataja mji mkubwa ambao muulizaji anaujua.

Hapo ndo nawauliza wanaosema jina lenyewe ni ushahidi, hivi mmewahi kuangalia ramani? Shiraz haina bahari, iko ndani bara. Bandari ya wakati ule ilikuwa Siraf, kwenye Ghuba ya Uajemi, na ndo ilikuwa inafanya biashara na huku kwetu mpaka ikapigwa na tetemeko la ardhi mwaka 977 ikaanza kufifia. Nendeni msikiti wa Kizimkazi Dimbani kusini mwa Unguja muone maandishi ya Kikufi (mtindo wa zamani wa kuandika Kiarabu) yaliyochongwa ukutani, yana mwaka 500 wa Hijria yaani 1107, na wataalamu wanaona mtindo wake unafanana na kazi za Siraf. Kwahiyo wapo waliokuja, sikatai, ila wengine wao inawezekana kabisa walikuwa watu wa Siraf au wa vijiji vya pwani ile, wakataja Shiraz kwasababu ndo mji wenye jina.

Wale wa upande wa pili wanaosema ni uongo mtupu nao wana kazi ya kujibu. Mwaka 2023 ulitoka utafiti wa DNA kwenye jarida la Nature, walipima mifupa ya watu 80 waliozikwa kati ya 1250 na 1800, makaburi ya Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa, Songo Mnara na kwengineko. Matokeo ni kwamba kuchanganyika kwa damu ya Afrika na ya Asia kulianza karibu na mwaka 1000, na ile damu ya Asia nyingi yake ni ya Uajemi, na imeingia kupitia wanaume. Tena baada ya 1500 ndo damu ya Uarabuni inazidi. Sasa mtu atasemaje wazee walitunga wakati hesabu ya maabara inakaribiana na tarikh ya Kilwa, ile historia ya kale iliyoandikwa ya masultani wa Kilwa inayosema walitoka Shiraz?

Lakini someni matokeo yote jamani msikate katikati! Upande wa kike wa watu hao hao karibu wote ni Mwafrika. Huyu mama ndo mtu ninayemsemea. Tarikh ya Kilwa inamtaja Ali bin Hassan na merikebu saba, masimulizi ya baadaye yanaongeza mwenyeji aitwaye Mrimba aliyeachia kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote, tena akamwozesha mgeni binti yake. Nguo zimehesabiwa vizuri kabisa, binti hana hata jina. Na lugha iliyobaki midomoni mwa watoto si Kiajemi, ni Kiswahili, Kibantu cha mama na wajomba. Ngazija mpaka leo nyumba inarithiwa na mabinti. Jina limefuata baba, vingine karibu vyote vimefuata mama, halafu sisi tunabishana karne nzima juu ya kile kimoja kilichofuata baba.

Hilo la mkoloni nalo ni kweli ila limekuja nyuma sana. Zanzibar sensa ya 1924 waliojiandikisha Waswahili walikuwa wengi, kufika 1931 kundi hilo limeporomoka vibaya, watu wale wale wameandikwa Washirazi, Wahadimu na Watumbatu (wenyeji wa Unguja na kisiwa cha Tumbatu), wengine Waarabu. Hawakubadilika damu kwa miaka saba, kilichobadilika ni faida na hasara ya kila jina kwenye karatasi za serikali. Baadaye likawa la siasa kabisa, Afro-Shirazi Party ya 1957 imezaliwa kwa kuunganisha African Association na Shirazi Association, na hilo "Afro" na "Shirazi" vimewekwa pamoja makusudi. Ndo maana inaniuma nikiona kijana anaambiwa arudi Iran kisa jina la ukoo, wakati hilo jina lilikuwa kwenye bango la chama kilichoshika serikali baada ya mapinduzi ya 1964.

Msimamo wangu: Shirazi ni jina la kweli la upande mmoja wa familia, na limetumika kama cheo cha mjini kwa karne nyingi, na watu ambao hawana tone la Uajemi nao wamelichukua kwa kuoa, kuolewa au kuhamia mtaa. Haliwezi kumfanya mtu mgeni, na pia halimfanyi bora kuliko jirani yake.

Anayepinga aje na hoja. Na wenye shajara za ukoo zilizoandikwa naomba mtuambie, kwenye ile orodha ya fulani bin fulani kuna jina la mwanamke hata mmoja? Yupo wa kizazi cha ngapi, na wameandika katoka wapi?