Mjadala: LED za kuchomeka kwenye pikapu za zamani zipigwe marufuku, au watu waachwe waone njia?

Wakuu habari za muda huu. Naleta hili tulijadili kwa uwazi maana kila anayeendesha usiku limeshamkuta. Wenye pikapu za zamani, Hilux zile za miaka ya 80 na 90, Land Cruiser mkonga, Nissan Hardbody, L200 za kitambo, wanatoa globu ya kawaida ya H4 (halojeni yenye full, yaani mwanga wa mbali, na dim, mwanga wa chini) wanachomeka LED ya mchina humo humo kwenye taa ile ile iliyokuja na gari, wengine wanaongezea na bar ya LED juu ya bampa. Kuna wanaosema trafiki wazing'oe zote, na kuna wanaosema barabara zetu ni giza tupu, mtu aachwe aone anakokwenda.

Msimamo wangu nauweka mapema ili asiwepo wa kunitafsiri vibaya. LED ya kuchomeka kwenye taa iliyotengenezwa kwa ajili ya H4 itoke barabarani. Ila mwenye pikapu ya zamani naye ana haki ya kuona, na mwanga mzuri anaupata bila hiyo LED, tena gari likiwa la miaka 30. Na ukaguzi wetu uache kuangalia taa inawaka au haiwaki tu, uangalie inamulika wapi.

Kwanza niseme nawaelewa kabisa wanaozifunga. Piteni Chalinze kwenda Segera usiku, au Dodoma kwenda Singida, au Makambako kwenda Songea. Lori limekufa njiani halina kiakisi, dereva kakata matawi kayatupa barabarani ndo alama yenyewe, mbele kidogo bodaboda haina taa ya nyuma na amebeba mkaa, halafu watu wanatembea pembeni na nguo nyeusi, halafu ng'ombe. Na tangu mabasi yaruhusiwe kusafiri saa 24 mwaka 2023 barabara ya usiku imejaa kuliko zamani. Sasa uko ndani ya Hilux yako taa zinawaka njano hadi zinataka kuwa nyekundu, unaona kama mita 30 hivi mbele, lazima utatafuta dawa. Hilo silibishi.

Tatizo ni kwamba wengi wanaibadilisha globu wakati globu haina kosa. Taa za pikapu ya zamani zinafifia kwa sababu ya waya. Kwenye nyingi ya hizi gari umeme wa taa unatoka betri, unapita fyuzi, unapanda hadi kwenye swichi ya usukani, unarudi tena mbele, waya wenyewe mwembamba na una umri wa miaka 30, soketi zimeshika kutu, ethi (njia ya hasi kupitia bodi ya gari) imefungwa kwenye bati lililopakwa rangi mara tatu. Taa mbili za wati 55 zinavuta karibu ampea 9 na zote zinapita humo. Chukua mita ya fundi, washa injini, pima kwenye betri utakuta volti 14 au karibu na hapo, halafu pima kwenye soketi ya taa ikiwa inawaka, ukikuta 11 na nusu usishangae. Na globu ya halojeni haipunguzi mwanga sawasawa na volti, inapunguza kwa kasi zaidi, volti zikishuka asilimia 10 mwanga unashuka kama asilimia 30. Kwa hiyo hiyo 11 na nusu yako inamaanisha zaidi ya theluthi ya mwanga imeishia njiani kwenye waya, halafu tunailaumu globu.

Dawa yake mafundi umeme wazuri wanaijua miaka yote: rilei mbili (swichi zinazowashwa na umeme mdogo ili zipitishe mkubwa), moja ya full na moja ya dim, waya mnene wa milimita za mraba 2.5 au zaidi moja kwa moja kutoka betri, fyuzi karibu na betri, ethi mpya unakwangua bati mpaka liwe jeupe. Swichi ya zamani inabaki na kazi ndogo tu ya kuamsha rilei. Ukimaliza, globu ile ile uliyotaka kuitupa inawaka nyeupe na mbali. Swichi ya usukani nayo inapumua, maana hizo ndo zinazoungua watu wakifunga globu za wati 100/90 bila kubadilisha waya, plastiki ya soketi inayeyuka na reflekta (sahani inayong'aa ndani ya taa) inababuka kwa joto.

Na hapa nitaje kitu ambacho kinawasumbua sana mafundi wasiozijua Toyota. Hilux na Land Cruiser nyingi za zamani swichi yake inakata upande wa ethi, yaani chanya inafika kwenye globu muda wote taa zikiwa on na swichi inachagua ethi ya dim au ya full. Ndo maana LED nyingi ukizichomeka humo zinaleta vituko, taa ya bluu ya full kwenye dashibodi inagoma, au dim na full zinachanganyana, fundi anaanza kukata waya za gari. Rilei haina shida hiyo, koili yake haichagui chanya wala hasi, unaichomeka pale kwenye soketi ya zamani ya globu na inafanya kazi.

Sasa kwa nini naikataa LED yenyewe. H4 ina nyuzi mbili, ya dim iko mbele kidogo na chini yake kuna kikombe kidogo cha chuma. Hicho kikombe kinazuia mwanga usigonge nusu ya chini ya reflekta, na hapo ndo unapatikana ule mstari ukutani, chini kuna mwanga juu giza. Reflekta na kioo vimepigiwa hesabu kwa uzi mwembamba uliokaa sehemu moja kamili, ukihama milimita moja tu picha yote inaharibika. LED ina vibati viwili vyenye chipu huku na huku, unene wake si wa uzi, nafasi yake inategemea kiwanda kilichoitengeneza siku hiyo, kwa hiyo mwanga unagonga kila mahali na kutoka kila mahali, juu, pembeni, machoni mwa anayekuja. Mwenye gari anafurahi kwa sababu lami ya mita 15 mbele yake imekuwa nyeupe kama mchana. Lakini jicho likishazoea huo weupe wa karibu, kule mbali ndo linazidi kuona giza, na kule mbali ndiko ng'ombe alipo. Zaidi ya hapo nyingi zina rangi ile ya kubluu, kelvini 6000, ikinyesha mvua au kukiwa na vumbi la gari la mbele unarudishiwa ukuta mweupe usoni kwako mwenyewe.

Na kwa anayekuja mbele yako hesabu ni mbaya zaidi. Kwa spidi ya 80 gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Ukimpofua mtu sekunde 3 tu ametembea zaidi ya mita 60 bila kuona kitu, na kama ni mtu mzima wa miaka 60 macho yake yanachelewa zaidi kurudi. Pembeni yake kuna mtoto anasukuma baiskeli. Hapa ndo naposema hili si suala la mtu na gari lake.

Naomba nijibu hoja zilizokwisha tolewa kwenye mijadala ya nyuma kuhusu taa hizi, maana nimezisoma zote.

Mmoja amesema: "Mbona mabasi na V8 zina LED kali na hamzisemi?" Mkuu, LED iliyokuja na gari kiwandani imekaa kwenye taa iliyochorwa kwa ajili yake, ina lenzi yake na mstari wake, kosa linakuwa kwa dereva asiyepunguza full. Ila mabasi yaliyobandikwa spotilaiti kwenye kioo na bampa, hayo naungana na wewe asilimia zote, yaanze hayo kabla ya pikapu ya mkulima. Sheria ikimkamata mwenye Hilux ya mahindi ikaliacha basi la abiria 50 linalopofusha watu, hiyo sheria nitaipinga hapa hapa.

Mwingine amesema LED inakula umeme kidogo, alteneta yake imechoka. Kweli inakula kidogo. Lakini alteneta iliyochoka inatengenezwa, kubadilisha brashi na daiodi si kazi ya kutisha, na hata hiyo LED ikikosa umeme safi haidumu.

Kuna ndugu ameuliza kuhusu bar ya LED shambani na porini. Kwangu hiyo haina ubaya kabisa iwe na swichi yake peke yake, na iwe na kifuniko ukiingia lami. Anayekwenda Liwale au Kilombero usiku kwenye njia ya tope anahitaji kuona mashimo kushoto na kulia, pale hamna wa kumpofusha. Anayeiunganisha na full ili iwake zote barabara kuu huyo hana utetezi.

Na kuna aliyesema kwamba nchi za wenzetu wanaruhusu. Tuseme vizuri. Uingereza tangu 2021 ukaguzi wa kila mwaka unaliangusha gari lililoanza kutumika Aprili 1986 au baadaye ambalo taa yake ya halojeni imewekwa LED au zenoni. Ujerumani kuanzia 2020 waliruhusu baadhi ya LED za kubadilishia, lakini ni aina zilizopimwa, kwa modeli za magari zilizopimwa, na ukiwa na modeli isiyo kwenye orodha huruhusiwi. Na Japan huko zinakotoka hizi gari zetu, taa inawekewa mashine inapimwa nguvu na mwelekeo ndo gari lipite. Sisi tunalipokea gari hilo hilo halafu ni nadra taa zake zipimwe hivyo tena.

Jambo moja naona wote tumelipita na kwa pikapu ndo kubwa kuliko yote: mzigo. Pikapu ikibeba gunia za vitunguu nyuma inakaa, pua inanyanyuka, na taa zote zinaangalia juu hata kama globu ni orijino kabisa. Pua ikinyanyuka digrii moja tu, kwenye mita 10 mwanga umepanda sentimita 17, na kipimo cha kawaida ni ushuke kama sentimita 10 kwenye umbali huo huo. Maana yake ile dim yako imeshakuwa full kwa wengine. Kwa hiyo anayebeba mzigo kila siku apime akiwa na mzigo: simamisha gari sehemu tambarare mita 10 kutoka ukutani, tairi ziwe na upepo sahihi, chukua urefu kutoka chini hadi katikati ya taa, weka alama ukutani sentimita 10 chini ya urefu huo, kisha zungusha skrubu za taa mpaka mstari wa dim ukae hapo. Jioni moja inatosha na bisibisi tu. Na kama springi za nyuma zimelala, hizo ndo za kutengeneza kabla hujagusa globu.

Kingine cha kuangalia ukinunua taa nzima Kariakoo au Ilala ni upande. Sisi tunaendesha kushoto, mstari wa dim unatakiwa kupanda kuelekea kushoto kwenye ukingo wa barabara. Taa zilizotoka kwenye gari za Dubai au Marekani zinapanda kulia, yaani moja kwa moja kwa anayekuja. Hata ukiweka globu bora duniani bado utapofusha watu. Kioo chake kina mshale au alama, muulize muuzaji kabla hujatoa hela. Wale wa Rwanda, Burundi na Kongo mnaotusoma, kwenu ni kinyume chake, na mkonga ulionunuliwa Tanzania una shida hiyo hiyo ukifika kwenu.

Na kwa wenye Land Cruiser za 24V, zipo baadhi zile za zamani, msinunue kitu kabla hamjahakikisha volti, rilei na globu zote ziwe za 24.

Hoja iliyonigusa zaidi ni ya kijana aliyesema: "Mkipiga marufuku mtakuwa mmewapa trafiki sababu nyingine ya kutusimamisha." Ana haki ya kuogopa. Askari akiwa anaangalia rangi ya taa kwa macho mchana saa 6, kila mtu atakuwa na kosa na kila mtu atakuwa na la kujadiliana. Ndo maana nasema marufuku bila kipimo sitaiunga mkono. Wiki ya Nenda kwa Usalama (wiki ya usalama barabarani) tunapanga foleni magari yakaguliwe yapewe stika, pale pale upakwe ukuta mweupe, uchorwe mstari, gari lisimame mita 10, dim iwashwe kivulini au jioni. Mstari ukiwa sawa unapita hata kama globu yako imetoka sayari nyingine, ukiwa umetawanyika unapewa siku za kurekebisha kabla ya faini. Dereva anaona mwenyewe kwa macho yake, askari anaona, hakuna wa kubishana na mwenzake.

Kwa hiyo mnaopinga niambieni: mnapinga kuondoa LED, au mnapinga jinsi zitakavyoondolewa? Na walioko mikoani, kama kuna mahali mmeona taa zinapimwa mwelekeo kwenye ukaguzi, kwa ukuta au kwa mashine, wekeni hapa ni mkoa gani na inafanyikaje.