Sensa ya oksijeni kwenye pikipiki ya kabureta, mbona namba zinanichanganya?

jeti_mbishi
Wakuu habari zenu. Nina pikipiki ya cc 200, silinda moja, kabureta. Nilibadilisha ekzosi na filta ya hewa nikaweka zinazopitisha zaidi, tangu siku hiyo ukivuta resi ghafla inakohoa kwanza ndo iondoke. Nikafungua kidogo skrubu ya mchanganyiko wa sailensi (injini ikiwaka bila resi), wapi. Nikaona kuliko kubahatisha jeti (vitundu vya kupimia petroli kwenye kabureta) bora nichomelee nati kwenye ekzosi nifunge sensa ya oksijeni, nikapata ya waya nne ya gari, nasoma kwa mita ya umeme. Sasa barabarani inaruka tu volti 0.1, 0.8, 0.1, katikati haikai. Halafu ikiwa sailensi ni 0.1 muda wote yaani hewa nyingi, ila plagi nikiitoa nyeusi tii, yaani petroli nyingi! Sensa imekufa ama?

Bomba la Nyuma
Sensa nzima hiyo, ndo ilivyoumbwa. Ni nerobendi, inajua kitu kimoja tu, uko juu au chini ya 14.7 (uzito wa hewa kwa uzito mmoja wa petroli). Mpaka wake ni kama volti 0.45, ukivuka inaruka. Resi yote injini inataka kama 12.5 mpaka 13, na hapo nerobendi itakwambia 0.8 na kitu hata kama uko 11 unamwaga mafuta. Kwa kazi hiyo tafuta waidibendi, yenyewe inakupa uwiano kamili, mfano Bosch LSU 4.9 na kidhibiti chake. Ila ina hita inayokula umeme, chaji ya pikipiki ndogo inaweza kuzidiwa, mi natembea na betri ya pembeni kwenye begi. Na usiiache kwenye ekzosi bila umeme huku injini inawaka, inajaa masizi inakufa.

mzee wa spana
Mbona hakuna aliyegusa hiyo 0.1 na plagi nyeusi, ndo penye ugonjwa. Kijana, sensa hainusi mafuta, inanusa oksijeni. Ekzosi ikivuja hata kidogo pale inapokutana na silinda inavuta hewa ya nje na sensa inakudanganya. Plagi ikikosa kuwaka ni hivyohivyo, hewa inapita bila kuungua. Mimi liliwahi kunipata, nimepandisha jeti ndogo mara mbili mpaka moshi mweusi na mita bado inalia hewa, kumbe gasketi! Washa ikiwa ya baridi, ziba mdomo wa ekzosi na tambara nene, sikiliza pale juu, ukisikia chf chf chf umeshapata jibu.

klipu_ya_tatu
+1. Ukimaliza hilo, bandika plasta kwenye mkono wa resi na nyingine kwenye swichi, chora alama za robo, nusu, robo tatu. Mita haikwambii jeti ipi ina kosa, alama ndo zinakwambia. Chini ya robo ni jeti ndogo na skrubu, katikati sindano, robo tatu kwenda juu jeti kubwa. Na usikodolee mita ukiwa kwenye mwendo jamani, funga simu irekodi, utaangalia ukisimama.

Kidungu
Na tu-stroku inafaa?

Bomba la Nyuma
Kwa shida. Oili inaichafua sensa haraka, na kuna mchanganyiko mbichi unaopitiliza mpaka ekzosi, namba zake usiziamini sana.

jeti_mbishi
Mzee wa spana heshima yako, chf chf chf nimeisikia, gasketi imeliwa upande mmoja. Nimeweka mpya, sailensi ikaruka 0.8, kumbe ile skrubu niliyofungua ndo ilikuwa inamwaga. Nimeirudisha mpaka ikaanza kucheza cheza kwenye 0.45 nikaiacha juu kidogo, inatulia vizuri. Kikohozi kikabaki palepale kwenye alama ya robo, nikashusha klipu ya sindano tundu moja ili sindano ipande na petroli iongezeke, kimeisha. Jeti kubwa sijaigusa, nasubiri waidibendi.

klipu_ya_tatu
Ikifika, soma maelekezo ya kidhibiti, kama kinataka, kabla hujaifunga iwashe kwanza nje kwenye hewa safi ijipime, wengi wanaruka hapo.